Vazi, Maji na Mizani

Lugha ya Kiswahili ilipohitaji jina la mchezaji asiyelipwa haikwenda mbali. Ilichukua neno ridhaa, ikamwita mwanamichezo wa ridhaa. Ndani ya neno hilo mna mambo mawili: kukubali na kutosheka. Mchezaji wa ridhaa huingia uwanjani kwa hiari yake, wala hangojei ujira. Na anapomaliza, mchezo wenyewe humtosha kuwa malipo. Kwa hiyo swali linaloonekana kuwa la makocha na wenye maduka, yaani iwapo waogeleaji wa ridhaa wanafaa kushindana wakiwa wamevaa mavazi ya kisasa yaliyobuniwa kuwazidishia kasi, kwa hakika ni swali la utamaduni. Linauliza kinachoshindanishwa ni kipi, na ni nani aliyekiridhia.

Watetezi wapo pande zote mbili, na kila upande una hoja zake. Lakini aghalabu mjadala huendeshwa kana kwamba mavazi yote ni mamoja, na kana kwamba waogeleaji wote ni wa umri mmoja, uwezo mmoja na mila moja. Palipo na mchanganyiko wa namna hiyo hukumu huwa nyepesi, na wanaoumizwa na hukumu nyepesi ni wale wasiokuwapo kikaoni.

Kisa cha Roma

Mgogoro wenyewe una tarehe. Mwezi wa Februari 2008 kampuni ya Speedo ilitoa vazi liitwalo LZR Racer. Vitambaa vyake vilijaribiwa katika handaki la upepo la NASA, shirika la Marekani la safari za anga. Mishono yake iliunganishwa kwa mawimbi ya sauti badala ya uzi, na juu yake palibandikwa vipande vya poliyurethani, plastiki laini isiyopitisha maji. Lilibana kiasi cha kwamba mvaaji alihitaji muda mrefu, na mara nyingi msaidizi, ili aingie ndani yake. Katika Michezo ya Olimpiki ya Beijing ya mwaka huohuo rekodi 25 za dunia zilivunjwa bwawani, na nyingi mno zilikuwa za waliolivaa.

Washindani wa Speedo hawakulala. Kampuni za Jaked na Arena zilileta mavazi ya poliyurethani tupu. Ndipo waogeleaji wa dunia walipokutana Roma, Julai 2009, kuwania ubingwa, na rekodi 43 zikaanguka katika muda wa siku nane. Mbio iliyokumbukwa kuliko zote ni ile ya mita 200 mtindo huru. Mjerumani Paul Biedermann, aliyekuwa wa tano Beijing mwaka mmoja kabla kwa dakika 1 na sekunde 46.00, alimshinda Michael Phelps kwa dakika 1 na sekunde 42.00. Phelps, aliyevaa vazi la mwaka uliopita, alifika sekunde 1.22 nyuma yake. Vazi lililokuwa ajabu ya dunia Beijing lilikuwa limekwisha kuchakaa kwa sifa kabla halijachakaa kwa matumizi.

Biedermann hakujificha. Alikiri kwamba vazi limemsaidia, na akasema anaitamani siku atakayomshinda Phelps bila ya mavazi hayo. Kocha wa Phelps, Bob Bowman, alitishia kumwondoa mwogeleaji wake katika mashindano ya kimataifa mpaka sheria ibadilike. Shirikisho la kimataifa, ambalo wakati huo likiitwa FINA na leo ni World Aquatics, lilikubali kwamba mambo yamelizidi. Kuanzia tarehe 1 Januari 2010 vazi la mashindano ya bwawani likawa halina budi kuwa la kitambaa kipitishacho maji, lisilo na zipu. Kwa wanaume toka kiunoni hadi gotini, kwa wanawake toka mabegani hadi gotini.

Haki inataka isemwe kwamba Biedermann hakuwa mwogeleaji wa kubuniwa na kiwanda. Mwaka 2011, mjini Shanghai, akiwa katika kaputula ya kitambaa kama wenziwe, alipata medali ya shaba katika mbio ileile kwa dakika 1 na sekunde 44.88, nyuma ya Ryan Lochte na Phelps. Alikuwa hodari kabla ya vazi na akabaki hodari baada yake. Vazi lilichomnyang'anya ni ushahidi: tangu siku ile ya Roma hapana awezaye kusema, hata yeye mwenyewe, ni sehemu gani ya ushindi iliyokuwa ya mikono yake na ni sehemu gani iliyokuwa ya plastiki.

Papa wa kiwandani

Kila bidhaa huja na hadithi yake, na hadithi ya mavazi haya yafaa ihakikiwe kama hadithi nyingine yoyote. Katika Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000 wanunuzi waliambiwa kwamba kitambaa kipya kimeiga ngozi ya papa. Ni masimulizi yanayoingia moyoni kwa urahisi. Mtu wa pwani aliyewahi kupitisha kiganja juu ya papa hahitaji kuhubiriwa kwamba ngozi ile ina maajabu: kutoka kichwani kwenda mkiani huteleza, na ukirudi kinyume hukwaruza kama msasa, kwa kuwa imejaa vijimeno vidogo visivyoonekana kwa jicho.

Lakini kufanana si kuwa. Mwaka 2012 Johannes Oeffner na George Lauder wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha majaribio yao. Ngozi ya papa wa kweli, ilipofungwa kwenye bapa linalopindapinda majini, iliongeza kasi kwa kiasi cha asilimia 12. Kitambaa kilichodaiwa kuiga ngozi hiyo, alama zake za juu hazikuongeza kitu. Kama mavazi yale yalisaidia, msaada ulitoka kwingine.

Huko kwingine hakuna fumbo. Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800, na anayetaka kuongeza kasi yake mara mbili hukumbana na ukinzani wa maji wa kiasi cha mara nne. Kila sehemu ya mwili inayotikisika, inayojitokeza au inayozama ni breki. Poliyurethani iliubana mwili ukawa mwembamba na mnyoofu. Ilikataa maji kupita. Na ilihifadhi hewa kidogo iliyomnyanyua mvaaji karibu na uso wa maji. Kwa maneno mengine, siri haikuwa papa. Siri ilikuwa boya.

Jambo hili lina uzito wake, kwa sababu boya halimsaidii kila mtu sawasawa. Mwogeleaji ambaye tayari mwili wake umelala vizuri juu ya maji hupata kidogo. Yule ambaye miguu yake huzama na kiuno chake hulegea anapochoka hupata kingi. Hivyo vazi halikuishia kupunguza sekunde za wote kwa pamoja, jambo ambalo lingestahimilika. Lilipangua safu, likamweka mbele aliyekuwa nyuma, na sababu yake haikuwa mazoezi wala kipawa.

Chombo na nahodha

Wapo watakaojibu, na jibu lao si la kupuuzwa, kwamba binadamu hajapata kuyaendea maji akiwa mtupu wa maarifa. Fundi wa vyombo hukalafati mbao, hupaka sifa ya papa ili zisiharibike, kisha hupaka deheni ya shahamu na chokaa chini ya mkuku. Siku ya mashindano ya ngalawa au ya majahazi, kila nahodha huhakikisha chombo chake kimesuguliwa na tanga limekazwa. Hapana anayesema kwamba mshindi amedanganya. Iweje basi ubao uruhusiwe mafuta na ngozi ya binadamu inyimwe kitambaa?

Jibu limo katika mkataba wa mchezo wenyewe. Katika mashindano ya vyombo hushindana wengi chini ya jina moja: fundi aliyechonga, mshonaji wa tanga, baharia na nahodha. Watazamaji wanajua hivyo, na mshindi anapotajwa hutajwa chombo. Kuogelea kumechagua mkataba mwingine. Ndiyo mbio ambayo mwanadamu huacha kila kitu ufukoni. Katika Tamasha la Utamaduni la Lamu, ambako mbio za majahazi, za punda na za kuogelea hukutanishwa katika sherehe moja, tofauti hii haihitaji mwalimu: kwenye jahazi watu husifu chombo na mabaharia wake, na kwenye kuogelea hapana cha kusifiwa isipokuwa mwogeleaji.

Hoja ya pili ya watetezi ni kwamba bwawa nalo limebadilika. Kamba za kisasa za kugawa njia humeza mawimbi, vijukwaa vya kuanzia vimewekewa egemeo la mguu, na miwani ya majini imemwezesha mwogeleaji kufanya mazoezi kwa saa nyingi pasi na macho kuwasha. Yote hayo ni kweli. Lakini kamba na kijukwaa ni mali ya wote waliomo katika mbio ile. Anayeogelea njia ya nne na anayeogelea njia ya nane wamegawiwa neema ileile. Miwani nayo ni ya bei ndogo, tena haimwelezi mtu juu ya maji. Vazi huvaliwa na mmoja, hununuliwa na mmoja, na faida yake humfuata mmoja.

Mizani

Wapenzi wa ushairi wanaijua hali hii kwa jina lingine. Malenga anayetunga shairi la mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, ameruhusiwa misaada. Anaweza kufupisha neno kwa inkisari au kulirefusha kwa mazida ili mstari utimie. Ruhusa hiyo ni ya zamani, na mahodari wameitumia kwa ustadi. Hata hivyo msikilizaji ana sikio. Mazida moja mahali pake ni pambo. Mazida katika kila kipande ni ungamo la kwamba mtungaji ameshindwa na mizani, naye anaivuta mizani imfuate yeye. Shairi hilo litahesabika sawa kwa vidole, lakini halitaimbika.

Saa ya bwawani ndiyo mizani ya mwogeleaji. Sekunde hazina maana yoyote zenyewe. Hupata maana kwa kuwa wa jana na wa leo wamepimwa kwa kipimo kimoja. Mwaka 2002 Ian Thorpe wa Australia aliogelea mita 400 mtindo huru kwa dakika 3 na sekunde 40.08. Biedermann akaipita rekodi hiyo Roma kwa sehemu moja tu ya mia ya sekunde. Ikawalazimu waogeleaji wangoje mpaka Aprili 2025 ndipo Mjerumani mwingine, Lukas Märtens, alipofika Stockholm kwa dakika 3 na sekunde 39.96. Rekodi ya César Cielo wa Brazili ya mita 100, sekunde 46.91, iliwekwa Roma mwaka 2009 na kuvunjwa mwaka 2022 na kijana wa Kiromania wa miaka 17, David Popovici, katika bwawa lilelile la Roma, kwa sekunde 46.86. Ile ya mita 200 ya Biedermann haikufikiwa hata katika mashindano ya dunia ya Singapore ya mwaka 2025.

Rekodi hizo zinafundisha pande zote mbili. Zinaonyesha kwamba mwili wa binadamu, ukipewa muda na mafunzo, huweza kuifikia hata plastiki. Lakini pia zinaonyesha gharama: kizazi kizima cha waogeleaji kilikimbizana na kivuli cha kiwanda, na vijana waliokuwa bora kuliko waliowatangulia waliandikwa kuwa wa pili.

Ridhaa na gharama

Yaliyosemwa mpaka hapa yanawahusu mabingwa. Mchezaji wa ridhaa yumo wapi? Yumo ndani kabisa, kwani kiwanda hakiishi kwa mabingwa. Bingwa hupewa vazi bure. Anayelinunua ni mzazi wa mtoto wa klabu, na mtu mzima wa miaka hamsini anayeshindana na wa rika lake. Mavazi yaliyoidhinishwa leo, japo ni ya kitambaa, bado yamebuniwa kubana mwili na kukataa maji kwa kadiri sheria inavyoruhusu. Bei yake hufika mamia ya dola za Marekani, na ubora wake hupungua upesi, kwa kuwa kitambaa hulegea na dawa ya kuzuia maji huisha kila linapovaliwa.

Kwa mtoto madhara ni ya aina mbili. La kwanza ni la mfuko: mashindano ambayo yangefunguliwa kwa kila ajuaye kuogelea hugeuka kuwa ya wenye uwezo. La pili ni la elimu. Mtoto wa miaka kumi hupunguza sekunde kwa kujifunza kulaza mwili, kupiga miguu na kugeuka ukutani. Akipunguziwa sekunde na nguo, amefundishwa kwamba tatizo lake lilikuwa nguo. Chama cha kuogelea cha Marekani, nchi ambayo soko lake la mavazi haya ni kubwa, kiliona hatari hiyo, na kuanzia Septemba 2020 kikapiga marufuku mavazi ya kiufundi kwa waogeleaji wa miaka 12 na chini katika mashindano yake. Nchi iliyoyashuhudia mavazi haya kwa karibu ndiyo iliyoamua kuwaepusha watoto wake nayo.

Kwa mtu mzima hoja ni ngumu zaidi. Mzee aliyerudi majini baada ya miaka thelathini, ambaye miguu yake imekuwa mizito, hufurahi kuhisi amenyanyuliwa tena. Fedha ni zake, mwili ni wake, na furaha yake haimdhuru mtu anapofanya mazoezi peke yake. Ni nani atakayemwonea kijicho? Hapa ndipo neno ridhaa linapodai maana yake kamili. Mazoezi ni ridhaa ya mtu mmoja. Mashindano ni ridhaa ya wote waliosimama ukingoni. Anayevaa boya la siri katika safu ya wenzake ametumia ridhaa yao bila kuwauliza. Wahenga walionya: usisafirie nyota ya mwenzio. Mzee huyo akitazama muda wake ukutani atakuwa amesafiri kwa nyota ya mfumaji wa kitambaa.

Mbio na stara

Lipo jambo moja ambalo wakosoaji wa mavazi haya hulipita haraka, na kwa wasomaji wa visiwani ndilo zito kuliko yote. Sheria ya mwaka 2010 ilipima mambo mawili kwa pamoja: namna kitambaa kilivyo, na kiasi cha mwili kinachofunikwa. La kwanza lilikuwa na sababu. La pili lilitokana na la kwanza tu, kwa kuwa mavazi ya poliyurethani yalikuwa yakifunika mwili mzima. Lakini sheria ikishaandikwa haimuulizi mtu nia yake. Mwanamke aliyetaka kusitiri mabega na miguu yake kwa ajili ya dini alijikuta amezuiliwa pamoja na wawinda sekunde, ilhali vazi lake, kwa upana wake, lilikuwa likimchelewesha.

Kule Uingereza kosa hili lilirekebishwa. Mwaka 2017 chama cha kuogelea ambacho mpaka mwaka huo kilibeba neno ridhaa katika jina lake kilikubali ombi la taasisi ya michezo ya wanawake wa Kiislamu, kikaruhusu mavazi ya mwili mzima katika mashindano ya ngazi hiyo kwa wenye sababu za dini au za afya, kwa sharti kwamba kitambaa kipitishe maji na vazi lisibane mwili. Huo ndio uhakiki wa kweli wa sheria: kutenganisha kilichochanganywa. Kinachopaswa kukatazwa ni nguo inayomsukuma mvaaji. Nguo inayomsitiri haijamkosea mtu.

Unguja inaijua thamani ya tofauti hiyo. Kaskazini ya kisiwa, mradi wa Panje wa Nungwi umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayofunika mwili wote, na picha za masomo hayo zilizopigwa na Anna Boyiazis zilitunukiwa katika World Press Photo mwaka 2018. Vazi lile halikumpunguzia msichana yeyote sehemu ya sekunde. Lilimfungulia mlango wa bahari ambayo ameishi kando yake tangu kuzaliwa. Na katika nchi iliyozika watu wake baada ya kuzama kwa MV Spice Islander Septemba 2011, kisha MV Skagit Julai 2012, kumfundisha mtoto kuelea si anasa wala mchezo mtupu. Lau siku moja wasichana hao watataka kushindana, kisha waambiwe kwamba nguo zao haziruhusiwi kwa sababu ya yaliyotokea Roma mwaka 2009, itakuwa ni dhuluma ya ajabu: watakuwa wameadhibiwa kwa kasi wasiyokuwa nayo.

Tamati

Alhasili, waogeleaji wa ridhaa wasishindane katika mavazi yaliyobuniwa kuongeza kasi. Kwa watoto katazo liwe kamili. Kwa watu wazima, klabu ziandike sharti moja jepesi linaloweza kukaguliwa kwa mkono na kwa jicho ukingoni mwa bwawa: kitambaa cha kawaida kinachopitisha maji na kisichoubana mwili kuubadili umbo. Anayemiliki vazi la thamani na alivae katika mazoezi yake, ajifurahishe. Urefu wa nguo usipimwe kabisa. Mwenye kaputula na mwenye kujifunika toka kichwani hadi kifundoni wasimame safu moja, maadamu hapana kati yao anayebebwa.

Watakaopoteza kwa sharti hilo ni wauzaji, na sekunde chache zitakazorudi ukutani. Lakini sekunde hizo zitakuwa za waliozitolea jasho. Mwogeleaji wa ridhaa hana mkataba wa kampuni wala jina katika vitabu vya rekodi. Alicho nacho ni uhakika kwamba muda uliosomwa mbele ya jina lake ni wake. Akiuuza huo kwa bei ya nguo, hatakuwa na kingine cha kurudi nacho nyumbani, na nguo yenyewe itakuwa imekwisha kulegea.